Wakili wa kazi aliyenipigania kiinua mgongo Mwanza: laki tano na nusu yangu ilifanya nini

Naanza na bei maana najua wengi mmefungua hapa kwa ajili hiyo. Nililipa 50,000 ya kusomewa barua niliyopewa kazini ya kuniondoa na 500,000 ya kazi nzima mpaka mwisho, jumla laki tano na nusu, na hiyo laki tano nilitoa kwa awamu mbili kwa sababu sikua nayo. Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyomnyima ntaieleza huko chini na sio ya kuonea.

Jina lake siweki. Kwanza mwenyewe aliniomba, mawakili hawaruhusiwi kujitangaza kama saluni, pili kwenye makubaliano yangu kuna kipengele cha usiri kwa hiyo kiwanda nacho sikitaji, nyie jueni tu ni cha minofu ya sangara hapa hapa Mwanza, na waliofanya kazi humo watajua na wasiofanya hawana haja ya kujua. Ofisi yenyewe ni chumba na sebule ghorofa ya pili mjini kati, ngazi nyembamba, chini kuna duka la vipuri vya bodaboda. Ukifika karani anakuamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka mayu", mi Mjita wa Musoma najibu mwangaluka nakaa kimya maana zaidi ya hapo sina.

Sasa kisa. Niliajiriwa Aprili 2013 Musoma, wakanihamishia Mwanza, nilikua msimamizi upande wa ubora, mshahara wa msingi 910,000, Jumatatu mpaka Jumamosi. Agosti 2022 tukaitwa ofisini watu kumi na mbili, mmoja mmoja. Habari tulishazisikia, samaki walikua wamepungua, kuna siku malori yanatoka mialoni nusu tupu, zamu ya usiku ilikua imeshafutwa, so hata sikushangaa. Kilichonishangaza ni ile karatasi. Mama wa utumishi, ambaye tumekula naye sana kantini, akanisogezea akasema "mama angu hii ni kwa faida yako, saini leo au keshokutwa, ikipita hapo hii ofa haipo tena". Karatasi imeandikwa makubaliano ya kuacha kazi kwa hiari. Pesa: notisi mwezi mmoja 910,000, kiinua mgongo 1,911,000, na kitu wameita shukrani 500,000. Jumla 3,321,000.

Ntakuwa mkweli, nilitaka kusaini. Milioni tatu na ushee ukiiona imeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri na wewe una ada ya mtoto ya mwezi wa kwanza kichwani, inaonekana kubwa. Kilichoniokoa ni uoga, nikasema ngoja nikamuonyeshe mtu. Nikaomba kopi, mama wa utumishi hakupenda ila akanipa.

Mtu wa kwanza niliyekutana nae alikua kishoka, yaani wakili feki. Yule wa kwenye korido na brifkesi, alitaka laki mbili aandike "barua ya kuwatisha". Nikamuuliza ofisi yako iko wapi akasema ofisi ni huyu hapa, akajipiga kifuani. Hahaha. Jamani, wakili lazima awe kwenye orodha ya mawakili na leseni yake anaihuisha kila mwaka, Mahakama wana mfumo wa e-Wakili unaangalia jina la mtu kwa simu yako mwenyewe, dakika mbili tu. Yule wa brifkesi hakuwemo. Huyu wangu nilielekezwa na jirani wa Kitangiri ambaye alimsaidia kesi ya kiwanja, nikamwangalia, yumo, nikapanda ngazi.

Alichofanya kwenye ile 50,000 ya kwanza ndo sababu ya nyota karibu zote. Alisoma barua kimya mpaka mwisho, kalamu mkononi, halafu akarudi juu akazungushia maneno matatu, "kwa hiari yake". Akaniuliza, "Dada, wewe uliandika barua ya kuomba kuacha kazi?" Nikasema hapana. "Basi hii karatasi inasema uongo kwenye mstari wa pili na wanataka uwasainie huo uongo."

Mi nilikua nimeangalia namba tu. Yeye namba aliziangalia mwisho kabisa. Akaniambia ukisaini kwamba umeacha mwenyewe kwa hiari kuna milango inajifunga nyuma yako. Kiinua mgongo cha kisheria ni cha mtu ambaye mwajiri ndo kamuondoa, sio aliyeondoka mwenyewe, kwa hiyo hicho wanachokupa kinageuka zawadi na sio haki, na zawadi huwezi kuidai ikichelewa. Pili, huwezi tena kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoita CMA, kusema nimeachishwa isivyo halali, utaulizwa nani kakuachisha? Na tatu ni NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii tunaokatwa kila mwezi. Hapa ndo nilishika kichwa. Kuna fao la kukosa ajira, kama umechangia angalau miezi 18 unalipwa 33.3% ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wangu ni kama laki tatu kila mwezi, jumla inakaribia milioni moja na laki nane. Na hilo fao ni la aliyepoteza kazi, aliyeiacha mwenyewe halimhusu. Kwa hiyo hiyo "shukrani" ya laki tano ilikua inaninunulia hasara ya zaidi ya mara tatu yake, na mimi nilikua nimeshatoa kalamu kwenye pochi.

Kaka mmoja wa stoo tuliyeitwa nae siku moja alisaini siku ile ile. Namuonea huruma mpaka leo, alienda NSSF na barua yake wakamuonyesha yale yale maneno matatu.

Halafu ndo akaja kwenye kikokotoo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa mwisho ni 10. Mi nina miaka 9 kamili. Swali ni siku moja ni shilingi ngapi. Kiwanda walichukua 910,000 wakagawa kwa 30. Wakili akasema hapana, kwenye jedwali la kwanza la ile sheria mshahara wa mwezi unagawanya kwa 4.333 unapata wa wiki, wa wiki unagawanya kwa siku unazofanya kazi, wewe ni siku sita, so ni kama kugawa kwa 26. Siku yangu inakua 35,000 na sio 30,333. Mara 7 mara 9 inatoka 2,205,000. Walikua wameninyima 294,000 kwa kugawanya tu! Sijui kama ni makusudi au ni mhasibu aliyezoea 30, sitaki kusema, ila kama una barua kama yangu mkononi sasa hivi toa kikokotoo cha simu ugawe mwenyewe.

Vitu ambavyo havikuwepo kabisa kwenye karatasi navyo akaviandika pembeni. Likizo: mwaka mzima uliopita sikwenda likizo tulikua na ukaguzi wa wanunuzi wa nje, hiyo ni siku 28 za kalenda ambazo kwa siku za kazi ni 24, mara 35,000 inakua 840,000. Na mwaka ule uliokua unaendelea, Aprili mpaka Agosti, siku moja ya malipo kwa kila siku 13 nilizofanya kazi, zikatoka siku 10, 350,000. Usafiri: niliajiriwa Musoma, kwa hiyo mwajiri anatakiwa anirudishe Musoma na mizigo yangu au alipie, na akichelewesha kuna posho ya kujikimu ya kila siku tangu siku aliyokuachisha mpaka siku anayokusafirisha. Hiyo ya kujikimu sikuwahi kuisikia maishani. Na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako, sio fadhila ya mama wa utumishi.

La mwisho ndo lilikua rungu lake. Kifungu cha 38, mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze je kuna njia ya kuepuka, watachaguliwa vipi wa kuondoka, lini, na malipo gani. Sisi hatukukaa na mtu. Tuliitwa mmoja mmoja tukapewa kalamu. Wakili akasema sababu yao inaweza kuwa ya kweli kabisa, samaki kweli hawapo kila mtu Mwanza anajua, ila utaratibu wameuruka, na kwa sheria ilivyokua mwaka ule fidia ya kuachishwa isivyo halali ingeweza kufika mishahara ya miezi 12. (Sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho 2025 so wewe unayesoma leo muulize wakili wako namba za sasa, usinukuu mimi.)

Hapo ndo nikaingiwa na tamaa. Miezi 12 mara 910,000 ni 10,920,000. Nikamwambia basi twende huko huko, tusiongee nao, tuwashtaki. Nilishaanza kununua friza kichwani.

Alinijibu kitu nilikichukia siku ile. Alisema, "Dada, unaweza kushinda. Lakini nikuulize, utakua unakula nini wakati unashinda?" Akanipigia hesabu ya muda badala ya hela: kwanza usuluhishi, ukishindikana uamuzi, kuna mashahidi, kuna kuahirishwa, ukishinda wao wana haki ya kwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba mapitio, na wana wakili wa kudumu anayelipwa hata akilala. Mi nalipa kodi ya nyumba. Akasema kazi yake sio kupata namba kubwa ya kwenye karatasi ni kupata namba ambayo itaingia kwenye akaunti yangu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nilitoka pale nimenuna, nikapanda daladala ya Airport nikashuka Pasiansi badala ya Kitangiri kwa mawazo, nikarudi kwa miguu. Ila usiku nikaona ana point.

Nikamuuliza kwa nini asichukue asilimia ya atakachopata badala ya laki tano taslimu, nilikua najaribu kukwepa kulipa kabla. Akakataa. Akasema mambo ya asilimia hafanyi, na wakili akiwa na asilimia yake mle ndani na yeye anaanza kupigania ya kwake, anaweza kukwambia kubali mapema au kataa kwa ajili yake. Bei ikabaki ile ile. Jibu nililiheshimu japo liliniuma mfukoni.

Basi sikusaini. Akaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, hakuna kutisha mtu, hakuna maneno makubwa, inaanza kwa kuwashukuru! Mimi nimeisoma nikasema hii laki tano imeliwa. Inasema mteja wetu hajawahi kuomba kuacha kazi, yuko tayari kwa mazungumzo kwa mujibu wa kifungu cha 38, na hesabu anazoamini ni sahihi ni hizi zifuatazo. Basi. Kiwanda hawakujibu, badala yake tarehe 31 Agosti nikapewa barua ya kuachishwa kwa kupunguzwa. Nililia getini pale mlinzi akanipa maji. Nampigia wakili nalia, yeye anasema "Safi, sasa wameandika ukweli." Khaa. Alikua na maana ile barua sasa inasema wamenipunguza wao, hakuna tena hiari, lakini mtu anayelia humwambii safi, hapa nilimkata nusu nyota.

Kuanzia siku ile saa ilianza kuhesabu, na hapa naomba usome taratibu hata kama kwingine uliruka. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku uliyoachishwa. Siku 30. Mazungumzo na mwajiri HAYASIMAMISHI hizo siku. Wiki ya pili kiwanda wakaanza kuwa wazuri, wananipigia, "tutakaa, tutaongea, subiri mkurugenzi arudi kutoka safari". Mi nikafurahi nikamwambia wakili tusifungue kitu tutawaudhi. Akasema wasubirie mkurugenzi sisi tunafungua, kufungua hakuzuii kuongea. Tarehe 20 Septemba fomu ikaingia. Inaitwa CMA F.1, haina ada, unampa kwanza mwajiri nakala yake ndo unapeleka Tume na ushahidi kwamba kaipokea. Ndani kuna sehemu B ya kesi za kuachishwa tu, mtu akijaza mwenyewe ni rahisi kuiruka, mimi nilipoijaribu nyumbani niliiruka. Ukichelewa zile siku sio mwisho wa dunia kuna maombi ya kuongezewa muda lakini lazima utoe sababu ya msingi, na "walinambia nisubiri mkurugenzi" sijui kama ingetosha. Mkurugenzi alirudi Oktoba by the way.

Usuluhishi tulikaa mara mbili. Ya ndani ya kile chumba ni siri kwa utaratibu wao, sisemi yote, ntasema tu yanayohusu hesabu yangu. Kikao cha kwanza wakili wangu hakuja! Alimtuma kijana wake, wakili mdogo, mzuri, mpole, lakini mimi nilimlipa yule na hakuna aliyenambia, nilijua nikiwa nimeshakaa kwenye benchi. Alikua Mahakama Kuu na kesi nyingine. Kijana aliomba tu tarehe nyingine tukatoka, siku imeisha, nauli imeisha, mama yangu alikua kapanda basi kutoka Musoma kuja kuniombea hahaha. Ile nusu nyota nyingine ilidondokea pale kwenye benchi.

Kikao cha pili alikuja mwenyewe na nikaelewa kwa nini watu wanamlipa. Kabla hatujaingia alinipeleka pembeni chini ya mti akaniuliza maswali mawili, kiasi gani ukipewa leo unalala usingizi, na kiasi gani wakikupa chini ya hapo tunaondoka tukaendelee na kesi. Nilimpa namba mbili akaziandika kwenye kiganja. Kwenye kiganja jamani, kama mwanafunzi anaibia mtihani. Halafu akanambia "Humo ndani wakitaja namba usitikise kichwa, usigune, usiniangalie". Mi ni mtu wa kuguna. Nilijikalia mikono.

Mbinu yake kama niliielewa ni hii, vitu vya kisheria hakuvifanyia biashara. Kiinua mgongo kwa 26, likizo, notisi, usafiri, hivyo aliviweka upande mmoja akasema hivi havijadiliwi ni deni. Kinachojadiliwa ni hii hatari yenu ya miezi 12, mnainunua kwa kiasi gani ili dada aende nyumbani? Akaomba miezi sita. Wakaja na mmoja. Akanyamaza. Yaani alinyamaza mpaka mimi nikaona aibu, anaangalia dirishani kama anahesabu kunguru, na wao ndo wakaanza kuongea tena wenyewe. Tukaishia mitatu, 2,730,000. Ukiweka na notisi 910,000, kiinua mgongo 2,205,000, likizo 1,190,000, na usafiri wa mimi na mizigo tuliyofunga kwa 450,000, ikawa 7,485,000. Ile namba yangu ya kulala usingizi ilikua milioni saba. Nililala.

Makubaliano hayakuishia kupeana mikono wala barua ya kiwanda. Yaliandikwa pale pale, tukasaini mbele ya msuluhishi wa Tume, maana yake wakigoma kulipa sianzi kesi upya naenda mahakamani kuyakazia kama hukumu. Aliweka tarehe ya mwisho ya kulipa, 4 Novemba, na sentensi inayosema wazi kwamba ajira imesitishwa na mwajiri kwa sababu za uendeshaji, akasema hii sentensi ni ya NSSF. Na kweli nilipoenda NSSF hakuna aliyeniuliza habari ya hiari. Pesa iliingia tarehe 3, siku moja kabla. Fao la NSSF lilinichukua muda kidogo kukamilisha makaratasi ila lilitoka.

Sasa lawama zangu kubwa, mbali na hizo za kwenye benchi.

Kodi. Hakuniambia habari ya kodi hata siku moja. Mi nilikua nasubiri 7,485,000 kwenye simu ikaja ujumbe wa benki 5,546,500. Nilidhani nimeibiwa, nikapanda zile ngazi mbio. Kumbe malipo ya kuachishwa kazi yanakatwa kodi ya mapato kama mshahara, na kiwanda walijumlisha yote isipokua usafiri kama mshahara wa mwezi mmoja, so kila kilichozidi milioni moja kikapigwa 30%. Milioni 1.9 ikaenda TRA. Wakili akasema "hiyo ni kawaida dada". Kawaida kwako! Ningejua ningempa namba nyingine pale chini ya mti, au angeomba miezi mitatu iandikwe baada ya makato. Hili ni kosa la kweli na alipaswa kulisema siku ya kwanza, nilimwambia usoni na akakubali, sijui kama siku hizi anawaambia wateja. Wewe muulize wewe: hiyo namba ni kabla au baada ya makato?

Jina. Kwenye rasimu ya kwanza karani aliandika jina langu la ukoo bila herufi moja. Wao waliona dogo. NSSF jina likitofautiana herufi moja utazunguka mpaka viatu viishe. Nililiona mimi, sio wao.

Simu. Ukipiga mchana hapokei, meseji ya wasap unaona tiki mbili za bluu na kimya. Anajibu saa nne usiku, kwa urefu, na mifano, wakati wewe umeshalala na wasiwasi.

Risiti. Nililipa awamu ya kwanza nikapewa kikaratasi cha mkono. Nikaomba ya EFD, ile ya mashine ya kodi, karani akanambia mashine ina shida ya mtandao, nikakaa. Mtandao ukarudi baada ya robo saa. Ila niliipata.

Je, thamani ipo? Nilipiga hesabu na mdogo wangu ambaye ni mwalimu wa hisabati Bunda ili nisijidanganye. Ile ofa ya kwanza nayo ingekatwa kodi, ningebaki na kama 2,497,000. Hii ya pili baada ya kodi na baada ya kumlipa wakili ilibaki 4,996,500. Ni karibu milioni mbili na nusu zaidi mkononi mwangu, na hapo sijaweka fao la NSSF ambalo ningelipoteza. Kwa laki tano na nusu mi sioni cha kubishana. Lakini pia nisidanganye, kama ungekua umefanya kazi mwaka mmoja na nusu na mshahara wa laki tatu, kiinua mgongo chako hakifiki hata laki moja, ukimlipa huyu laki tano umempa kila kitu. Kwa mtu kama huyo lipia ile 50,000 ya kusomewa tu, halafu nenda CMA mwenyewe, au nenda na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama ni mwanachama, sheria inaruhusu, au tafuta watoa msaada wa kisheria. Wenzetu wawili kati ya wale kumi na mbili walienda wenyewe na kopi ya hesabu zangu za kugawa kwa 26 na wakarekebishiwa bila kikao hata kimoja. Wakili aliposikia alicheka akasema nimemuharibia biashara.

Mizigo niliipeleka Musoma kweli, kitanda na kabati viko kwa mama mpaka leo, mwenyewe nilirudi baada ya miezi minne, sasa hivi niko Mwaloni Kirumba na dagaa, nanunua kwa debe naweka kwenye vifungashio nasafirisha. Mama wa utumishi ni mteja wangu. Na yeye walimpunguza mwaka uliofuata, alinipigia usiku akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama angu, yule wakili wako ofisi yake iko wapi?" Nilimuelekeza.

Ukienda nenda kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo anakua mahakamani. Beba barua yako, mkataba kama unao, salari slipu za miezi ya mwisho na namba ya NSSF, na usisaini chochote njiani. Sebuleni kuna viti vitatu na kimoja mguu umevunjika, kile cha dirishani, usikikalie.